Pete ya Nne

Kila Jumamosi Wegesa aliamka kabla mama yake hajamwita. Alifagia uwanja, akawapa kuku maji, akaosha vyombo vya jana, kisha akajaza chai kwenye chupa na kufunga viazi vitamu ndani ya kitambaa safi. Hicho kilikuwa kifungua kinywa cha babu yake, na kazi ya kukipeleka hakutaka mtu mwingine aifanye.

Babu yake, Mzee Nyangwine, alikuwa baba mzazi wa mama yake na fundi wa magari wa miaka mingi. Gereji yake ilikuwa kando ya barabara, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani kwao Turwa, mjini Tarime. Haikuwa gereji kubwa. Ilikuwa na paa la mabati juu ya nguzo sita, benchi la mbao, na sakafu ya saruji ambayo mzee aliifagia mara mbili kwa siku. Mafundi wenzake walimtania kwamba anafagia kama mtu anayesubiri wageni wa harusi. Yeye aliwajibu kwamba nati ikidondoka kwenye sakafu safi haina pa kujificha.

"Shikamoo babu," Wegesa alisema Jumamosi moja alipofika.

"Marahaba, mama. Leo umechelewa. Tumbo limeshaanza kuniuliza maswali."

"Sijachelewa, babu. Ni wewe umewahi kuamka."

Mzee alicheka, akanawa mikono, akakaa kwenye kigoda chake. Wegesa alikaa chini karibu naye. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yupo darasa la sita, na hakuna mtu aliyekuwa na subira na maswali yake kama babu. Akimuuliza kwa nini tairi huliwa upande mmoja, babu aliacha kiazi kikapoa mpaka amemweleza.

Siku hiyo palikuwa na kazi maalumu. Mama yake Wegesa, Winfrida, alikuwa na pikapu ndogo nyeupe. Mara mbili kwa wiki aliipakia kabichi, nyanya, ndizi na mayai, akavipeleka kwenye kambi moja ya watalii huko Natta. Mawe ya njiani yalikuwa yamezipinda rimu zake za chuma, na kila asubuhi magurudumu mawili yalikutwa hayana upepo. Kwa hiyo alinunua mjini Sirari rimu nne nyepesi za kung'aa, zikiwa na matairi yake, zile ambazo madereva huziita spoti.

Wegesa alizizunguka mara mbili. "Babu, zinang'aa kama sufuria jipya."

"Zinang'aa, lakini hazikutengenezwa kwa ajili ya gari hili," babu alisema. Alimsogeza karibu na gari, ambalo tayari lilikuwa limeinuliwa juu ya mawe na jeki. "Unaona hiki chuma cha katikati kilichojitokeza? Hii ndiyo habu. Gurudumu linakaa hapa. Sasa tazama tundu la katikati la rimu mpya. Ni kubwa kuliko habu. Nikilifunga hivi hivi, gurudumu halitakaa katikati sawasawa. Gari likienda pole pole hutajua. Likikimbia, usukani utatetemeka."

"Sasa tutafanyaje?"

Babu alifungua bahasha iliyofika jana yake kwa basi kutoka Mwanza. Ndani yake kulikuwa na pete nne nyeusi za plastiki ngumu, pana kiasi cha mdomo wa kikombe. "Hizi zinaingia nyuma ya rimu na kujaza ile nafasi. Ni kitu kidogo, lakini bila hiki kazi yote ni bure. Hapa Tarime sikuzipata kabisa."

Alimpa Wegesa beseni la maji ya sabuni na kitambaa. "Zioshe, uzikaushe vizuri, halafu kila rimu uibandike pete yake kwa nyuma. Bonyeza mpaka usikie imeshika. Unaweza?"

"Naweza, babu."

Aliosha zote nne kwa uangalifu mkubwa. Kisha simu ya babu ikaita, na babu akatoka barabarani kuongea, maana chini ya mabati sauti ilikuwa inakatika. Wegesa aliibandika pete ya kwanza. Ikashika. Akaibandika ya pili, na ya tatu. Ya nne alipoishika, aliona inafanana kabisa na bangili. Mkono ulikuwa bado na sabuni. Akaipitisha kwenye vidole, ikateleza mpaka kwenye kifundo cha mkono. Aliinua mkono akautazama, akaona umependeza.

Alipotaka kuivua, haikutoka. Sabuni ilikuwa imekauka. Aliivuta, ikagoma kwenye kiungo cha dole gumba. Akasikia babu anaagana na mtu kwenye simu, akaivuta kwa nguvu zote. Pete ikasema pa, ikakatika vipande viwili, na ncha yake ikamchuna kwenye kidole.

Hakufikiri. Alivisukuma vile vipande kwenye mfuko wa sketi.

"Zote umeweka?" babu aliuliza akirudi.

"Nimeweka, babu."

Ilikuwa sentensi fupi, na ilitoka kwa urahisi kuliko alivyotegemea. Babu hakugeuza rimu kuangalia. Alisema tu, "Ahsante, mama," akaanza kazi. Alifunga nati moja, akaruka akafunga iliyo upande wa pili, akaruka tena, ili gurudumu likae sawa pande zote. Alipofika gurudumu la mbele la kushoto alisita kidogo, akalitikisa kwa mikono miwili. Kisha akaendelea.

Jioni mama yake aliuona ule mchubuko. "Umefanya nini kidoleni?"

"Nimechomwa na mwiba wa ua," Wegesa alisema. Vile vipande vya pete alikuwa ameshavitupa chooni.

Siku iliyofuata, baada ya ibada, Winfrida aliendesha pikapu kwenda Sirari kuchukua kreti za mayai, na Wegesa akakaa mbele pamoja naye. Watu waliyageukia magurudumu mapya. Mama yake alikuwa na furaha, akiimba wimbo waliotoka kuuimba kanisani. Mjini waliporuka matuta hapakuwa na tatizo lolote. Walipoingia kwenye lami iliyonyooka na mwendo ukaongezeka, usukani ulianza kutetemeka. Kwanza ulitetemeka kidogo. Halafu mikono ya Winfrida nayo ikaanza kutikisika mpaka mabegani, na kioo cha juu kikacheza. Lori lilikuwa linakuja mbele yao. Winfrida aliacha kuimba. Alipunguza mwendo, akashikilia usukani kwa nguvu, lori likapita, akasogea kando na kusimama.

Alizima injini, akamgeukia Wegesa. "Umeumia?"

"Hapana, mama."

"Mungu ni mwema. Tungekuwa kwenye mteremko sijui ingekuwaje."

Wegesa alitazama miguu yake. Alijua ni kwa nini usukani umetetemeka. Walirudi Tarime mwendo wa baiskeli.

Mzee Nyangwine aliitwa kutoka nyumbani, akaja gereji akiwa bado amevaa suruali yake ya Jumapili. Aliposikia kilichotokea alichukua spana. Alifungua gurudumu la mbele la kushoto, akaligeuza, akapitisha kidole nyuma ya rimu. Pete haikuwepo.

"Zilikuwa nne," alisema. "Nilizihesabu mwenyewe."

"Labda ilisahaulika, baba," Winfrida alisema.

"Haikusahaulika. Wegesa aliniambia ameziweka zote, na mtoto huyu haniambii uongo." Mzee alipangusa rimu kwa kiganja, polepole. "Ilinidondoka wakati nainua gurudumu, na mimi sikuiona. Kitu cheusi, kwenye sakafu nyeupe, mchana kweupe. Sikukiona."

Alipiga magoti na ile suruali ya Jumapili, akawasha tochi ya simu, akaanza kutafuta. Alitafuta chini ya benchi, nyuma ya matairi ya zamani, hata kwenye mfereji. Wegesa alisimama pembeni ya nguzo. Kila babu alipomulika kona mpya, Wegesa alijiambia kwamba sasa atasema, na kila mara hakusema. Mwishowe babu alinyanyuka kwa shida, akalirudisha gurudumu la zamani upande ule.

"Mwanangu," alimwambia Winfrida, "karibu nikuue. Wewe na mjukuu wangu."

"Usiseme hivyo, baba."

"Nasema kilichopo."

Jumatatu na Jumanne Wegesa alikuwa darasani kwa mwili tu. Jumanne alipotoka shule alipita gereji. Alimkuta babu amesimama peke yake mlangoni, ameziba jicho moja kwa kiganja, anatazama bango la duka la ng'ambo ya barabara. Kisha akaziba jicho la pili. Midomo yake ilicheza kama mtoto anayejifunza kusoma. Alipomwona mjukuu wake alishusha mkono haraka.

Wakati huo huo aliingia dereva aitwaye Mseti, kijana mwenye pikapu ya kubebea mbao. Alisalimia kwa heshima, kisha akasema, "Mzee, na mimi nimepata rimu kama zile za Winfrida. Nataka unifungie."

"Tafuta fundi mwingine, mura," Mzee Nyangwine alijibu, akimwita kijana kwa Kikurya. "Mimi macho yamechoka. Nilimfungia binti yangu mwenyewe gurudumu ambalo nusura limtupe porini. Sitaki kazi ya magurudumu tena."

Mseti aliduwaa. Mzee huyu ndiye aliyewatengenezea magari hata wazazi wa madereva wenzake. Alitaka kubisha, akaona uso wa mzee, akaacha. "Pole sana, mzee," alisema, akaondoka.

Usiku ule Wegesa alishindwa kumaliza ugali wake. Alikuwa ameogopa kwamba babu angekasirika kwa sababu ya pete. Hakuwahi kufikiria kwamba babu angeacha kuyaamini macho yake.

Jumatano alikimbia kutoka shule moja kwa moja. Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda, spana zake zote ziko kwenye turubai mbele yake. Alikuwa anazipangusa mafuta moja moja na kuzifunga kwa kamba, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo.

"Babu, unazipeleka wapi?"

"Kwa mjomba wako Mwikwabe, Kisaka. Anatengeneza pikipiki kule, zitamfaa. Chuma kikikaa bure kinaliwa na kutu."

Wegesa aliweka begi lake chini.

"Babu, ile pete haikukudondoka. Niliivunja mimi. Niliivaa kama bangili, ikakataa kutoka, nikaivuta ikakatika. Nikakudanganya kwamba nimeiweka. Vipande nilivitupa chooni."

Mzee aliweka spana chini. Kisha akatabasamu, na tabasamu lile lilimuumiza Wegesa kuliko kofi.

"Njoo hapa, mama. Najua unanipenda. Lakini usijitwike kosa langu ili mimi nijisikie vizuri."

"Babu, ni kweli."

"Hapana. Mtu akizeeka anakubali. Usilie."

Wegesa alikuwa ameanza kulia kwa sauti. Uongo wake babu aliumeza mara moja bila kutafuna. Leo anasema kweli, babu haiamini.

Winfrida aliingia akiwa na chupa ya maziwa ya mgando aliyokuwa amemletea baba yake. Alisimama. "Kuna nini? Wegesa, nani amekupiga?"

Wegesa alirudia yote, tangu beseni la sabuni mpaka chooni. Safari hii hakuacha kitu. Alisema hata kwamba alijua kila kitu walipokuwa kando ya lami, na kwamba alimwangalia babu akitafuta kwa magoti.

Winfrida aliweka chupa chini. "Nyosha mkono wa kulia."

Kwenye kiungo cha dole gumba kulikuwa na kovu dogo jekundu, limepinda kama ukucha. Winfrida aliligusa. "Jumamosi uliniambia ni mwiba wa ua."

"Ilikuwa pete, mama."

Mzee Nyangwine aliushika ule mkono, akaugeuza kwenye mwanga, akalitazama kovu kwa makini. Kisha aliachia, akaokota spana moja kwenye turubai, akaisogeza mbali kidogo na uso.

"Kumi na tisa," alisoma. Akachukua nyingine. "Kumi na saba. Hii ni kumi na nne." Aliziweka chini. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini sana. "Kwa hiyo macho yangu mazima."

"Mazima, babu."

"Siku tatu, Wegesa. Siku tatu nimekuwa nikiamka na kujipima. Naziba jicho hili, nasoma bango. Naziba lile, nasoma bango. Naona herufi zote, halafu najiambia, labda nasoma kwa sababu nalijua bango hilo kwa moyo."

Wegesa alificha uso. Winfrida, ambaye hakuwa mwepesi wa kuchapa, alitazama huku na huku kama anayetafuta fimbo. Mzee aliinua mkono. "Mwache. Ana kazi ya kufanya. Jana nilimwambia Mseti kwamba mimi siwezi tena. Kufikia leo madereva wote wa sokoni wanajua. Mimi nikienda kujitetea nitaonekana mzee anayekataa uzee. Aende aliyejua ukweli."

Karibu na soko pikapu za mizigo husimama mstari mmoja zikisubiri wateja. Winfrida alimsindikiza Wegesa mpaka kona, akasimama hapo. Sehemu iliyobaki Wegesa alikwenda mwenyewe. Mseti alikuwa amekaa juu ya bodi ya gari lake pamoja na madereva wengine watatu. Wegesa alitamani wasiwepo.

"Shikamooni," alisema. "Kaka Mseti, nimekuja kukwambia kuhusu babu. Haoni vibaya. Gari la mama lilitetemeka kwa sababu mimi nilivunja pete ya gurudumu na nikamwambia nimeiweka. Babu alijilaumu kwa kosa langu."

Dereva mmoja alicheka, mwenzake akamgusa kiwiko, akanyamaza. Mseti aliteremka kutoka juu ya gari.

"Babu yako amekutuma?"

"Amenituma. Lakini hata asingenituma ningetakiwa kuja."

Mseti alitikisa kichwa polepole. "Mimi ndiye niliyewaambia hawa kwamba mzee amekwisha. Basi na mimi nina radhi ya kumwomba. Mwambie kesho asubuhi naleta gari."

Na kweli alileta. Kabla ya saa mbili spana zilikuwa zimefunguliwa kamba na kurudi kwenye benchi, kila moja mahali pake.

Pete mpya ilifika na basi la Ijumaa, na Jumamosi pikapu nyeupe ilipandishwa tena juu ya jeki. Wegesa alidhani ataambiwa akae mbali. Babu alimpa ile pete na kitambaa.

"Ibandike."

Aliibonyeza kwa vidole vyote mpaka ikashika. "Nimeweka, babu."

Mzee Nyangwine aliligeuza gurudumu, akapitisha kidole kuzunguka pete yote. Aliona macho ya mjukuu wake yameshuka.

"Usinune. Sikagui kwa sababu nakuona mwongo. Jumamosi ile nilipolitikisa gurudumu hili mkono wangu uliniambia kitu, nikaupuuza. Fundi anayefunga gurudumu bila kutazama nyuma yake ana kosa lake, na hilo ni la kwangu. Kuanzia leo natazama, hata akiniwekea pete askofu."

Winfrida aliwachukua wote wawili mpaka kwenye lami ile ile. Aliongeza mwendo kidogo kidogo, mzee akiwa amekaa dirishani, sikio lake nje. Usukani ulitulia. Winfrida alishika kwa mkono mmoja, akageuka kumtazama baba yake. Mzee aliitika kwa kichwa, akamwambia asimame pembeni, mahali ambapo mashamba ya mihogo yanaanza.

Walishuka ili akague joto la magurudumu kwa kiganja. Alipomaliza aliegemea bodi ya gari, Wegesa akaegemea pembeni yake.

"Babu, bado umenikasirikia?"

"Kidogo. Itaisha." Alimwekea mkono begani. "Sikiliza nikwambie. Vitu vinavunjika. Mimi mwenyewe nimevunja vioo, nimevunja taa, niliwahi kumwangushia mtu injini nzima. Kama ungekuja na vipande viwili mkononi, ningegombana na wewe dakika tano, halafu tungefunga gurudumu la zamani na kusubiri basi. Kosa lako lilikuwa dogo kama pete yenyewe. Ila ulipolificha halikupotea. Lilikwenda kumkalia mama yako kwenye usukani, halafu likaja kunikalia mimi machoni. Ukikosea, sema hapo hapo, wakati kosa bado ni la kwako peke yako. Ukichelewa, wanalibeba watu unaowapenda, na wao hata hawajui wamebeba nini."

Wegesa aliyafikiria maneno yale, kisha akasema, "Nimeelewa, babu. Nisamehe."

"Nilishakusamehe ulipokwenda sokoni kwa miguu yako mwenyewe," mzee alisema. "Panda gari. Mama yako ana kabichi za kupeleka Natta, na njia ni ndefu."